T Kwenye Magunia ya Shangazi

Krrrk.

Kikanyamaza. Nikasema moyoni: panya.

Krrrk. Safari hii kwa kirefu, kama mtu mzima anayejinyoosha baada ya usingizi. Nikasema: panya mkubwa.

Halafu ukaja mshindo, na habari za panya zikanitoka kichwani. Rundo zima la magazeti, ndoo zilizotoboka, masufuria yasiyo na mishikio, na mlango wa friji ulioachana na friji yake zamani, vyote vilinishukia kwa pamoja. Vumbi lilipotulia nilikuwa nimesimama wima, nimezikwa mpaka kifuani, na mkononi bado nimeshikilia lile gazeti la chini kabisa nililokuwa nalivuta.

Ndiyo. Nilikuwa navuta kutoka chini. Cheka umalize, kisha tuendelee.

Kama gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa hiki, lilifungiwa misumari kabla hujalisoma, habari kwa ufupi ni hii. Shangazi yangu, aliyenilea, hatupi kitu. Kifuniko cha chupa hatupi, na chupa yenyewe hatupi, ila havijawahi kukutana tena. Siku moja akajikwaa ndani kwake akaanguka. Wabeba machela wakashindwa kupita mlangoni, wakamtoa dirishani kama godoro. Hospitali ikasema hatarudi kwenye nyumba ile mpaka nesi aje aone kwa macho yake kiti cha magurudumu kikitoka mlangoni kikafika chooni.

Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi, ambaye ukoo mzima tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna kikao kisichokuwa chake, akatangaza kwamba hakuna haja ya kuhangaika. Anacho chumba kwake. Shangazi akahamie huko aangaliwe.

Shangazi akasema bora alale kituo cha basi.

Ndipo mimi nikasimama mbele ya ukoo, nikapiga kifua, nikasema nyumba ile nitaisafisha peke yangu, bila msaada wa mtu.

Basi ndivyo nilivyojikuta pale, nimezikwa na magazeti ya enzi za babu, bila msaada wa mtu.

"Uko hai?"

Alikuwa dada yangu, amesimama mlangoni. Mkuu wa stoo kwenye kiwanda cha magodoro. Amevaa barakoa, glavu nene, mabuti ya mpira na miwani ya mafundi wa kuchomelea. Mimi nilivaa kandambili na kujiamini.

"Niko hai. Usiingie, nimeshapanga mambo hapa."

"Naona. Umejipanga mpaka kifuani."

Alinichimbua. Kila sufuria alilolitoa alilifuatanisha na neno.

"Rundo linaanziwa juu, bwana mdogo. Sufuria. Kwanza unafungua njia ya mlangoni, ili ukishindwa uwe na pa kukimbilia. Ndoo. Madirisha yote wazi. Umeme unazimwa, hujui waya gani panya ameshautafuna. Ndoo nyingine. Na hiyo kandambili, siku ukikanyaga kioo ndiyo utajua ina unene gani."

"Dada, mimi si mtoto."

"Mtoto angelia. Wewe ungekufa kimya kwa ajili ya sifa."

Alinitupia barakoa, glavu na mabuti. Mabuti yalikuwa ya shemeji, yamenizidi. Nikavaa. Si kwa sababu ameniambia. Ni kwa sababu nilishaamua.

* * *

Nje, Baba Mkubwa alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti alichokiokoa katika takataka zetu, koti limefungwa vifungo vyote, anasimamia.

"Wanangu, hicho kiti kingine mnakitupa?"

"Hakina miguu, Baba Mkubwa."

"Miguu inawekwa. Nipeni nikawasaidie kukitupa njiani nikirudi."

Alishatusaidia kutupa mengi siku ile. Baiskeli yake ilikuwa imefungwa kamba kila upande kama mzigo wa harusi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kisha anakaa tena na kutikisa kichwa.

"Aibu," alikuwa anasema kwa sauti ya kikao. "Mtu mzima kulala na mabati! Dada yangu ametuaibisha ukoo mzima."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri, lenye vina. Dada akanikanyaga buti.

Simu ililia. Shangazi.

"Mwanangu, mmefika wapi?"

"Tumefika mbali, Shangazi. Naiona sakafu."

"Sikilizeni basi. Mimi sibishani tena. Tupeni mnachotaka. Mabati tupeni, chupa tupeni, hata yale makopo ya rangi. Kitu kimoja tu msiniguse. Mguu wangu."

"Mguu wako si unao hapo kitandani?"

"We mtoto, usinifanyie mzaha. Mguu wa mti."

Hapa lazima nieleze. Mguu wa kushoto wa Shangazi umepinda tangu utotoni, na ni mfupi kidogo. Marehemu mumewe alikuwa fundi viatu. Alichukua gogo akalichonga mpaka likawa mguu ule ule, na kona zake na kinundu chake, na juu ya gogo hilo akawa anamshonea mkewe viatu. Alipokufa, fundi mwingine akaendelea kushona, lakini juu ya gogo lile lile. Bila hilo hakuna fundi anayeweza. Bila kiatu, Shangazi hasimami. Na kiatu chake cha mwisho kilichanwa kwa mkasi hospitalini siku aliyoanguka.

Mguu wenyewe umefungwa bandeji, haupimiki. Fundi alishasema: leteni mguu wa mti leo, kesho kiatu kipo.

"Nikisimama, nakaa kwangu," alisema Shangazi. "Nisiposimama, kaka atanichukua. Umenielewa, mwanangu? Nitakwenda kufia kwenye nyumba ya mtu mwingine, naomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Nimekuelewa, Shangazi. Mguu uko mikononi mwangu."

Haukuwa mikononi mwangu. Ulikuwa mahali fulani katika nyumba ambayo hata nyumba yenyewe ilikuwa haijulikani ilipo.

* * *

Tukagawana. Mimi sebule na chumba cha mbele, Dada jiko na chumba cha nyuma. Kila kitu kinaingia kwenye gunia, kila gunia linatoka barazani, lori la taka linakuja mchana.

"Sasa," alisema Dada, "tutajuaje gunia lipi ni lipi? Mimi sitaki kufungua gunia mara mbili."

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja tangu asubuhi.

Mimi ni mchora vibao. Kinyozi, duka la dawa, saluni, karakana, pita popote mjini utaona mkono wangu. Na vibao vyangu vina vina, ingawa hakuna aliyenifundisha shairi, nilijifundisha mwenyewe. Nikatoa kopo la rangi nyekundu na brashi mbili. Nikamchorea mfano kwenye gunia tupu: T. Si T ya kawaida. T yenye kofia na kisigino.

"Hii hapa. Gunia linalostahili, lipige T. Lisilostahili, liache."

"T," alisema Dada.

"T."

"Basi hakuna shida. Mimi nimeanza kupiga T stoo kabla wewe hujaota ndevu."

"Ndiyo nimefurahi kwamba haihitaji maelezo." Na kwa kuwa brashi ilikuwa mkononi na rundo lilikuwa limenitia hasira, nikamalizia:

"Herufi moja yatosha, kwa mwenye macho kichwani,
Anayetaka kubisha, akasome darasani."

Dada alinipigia makofi. Kwa glavu, kwa hiyo yalisikika kama samaki wawili wanaogombana.

"Umemaliza, malenga? Haya, fanya kazi."

Tulifanya kazi. Nitasema ukweli, tulifanya kazi kama watu wawili wanaotaka kuthibitishiana jambo. Nilikuta miavuli isiyo na kitambaa, na kitambaa cha miavuli, katika vyumba tofauti. Nilikuta mswaki ndani ya birika, birika ndani ya beseni, beseni ndani ya godoro. Usiniulize. Nilikuta mavi ya panya ya kutosha kujaza shamba, nikachukua ufagio.

"Usifagie kavu!" Dada alipiga ukelele kutoka jikoni. Sijui aliusikiaje ufagio. "Litafuka vumbi lake mpaka kwenye mapafu! Nyunyiza maji na dawa, subiri, uzoe kwa kitambaa!"

"Nilikuwa nataka kunyunyiza."

"Kwa ufagio?"

Nikanyunyiza. Na kwa kuwa sipendi kufanya kitu nusu nusu, nilipofika chooni nikamwaga dawa ya kung'arisha nguo, kisha juu yake nikamwaga ile ya kuondoa ukoko wa choo, nikasema zikisaidiana zitamaliza haraka.

Zilisaidiana. Kwa dakika moja nilidhani macho yangu yamechemka. Koo lilifunga kama mlango wa benki. Dada aliniburuta kwa ukosi wa shati mpaka uani.

"Umechanganya?"

Niliinamisha kichwa, nakohoa.

"Hizo mbili hazichanganywi! Zinatoa hewa ya sumu! Hukusoma maandishi kwenye chupa?"

"Maandishi yake," nilisema nikipata pumzi, "yamechorwa vibaya."

Baba Mkubwa aliniangalia kutoka kwenye kiti chake kwa huruma kubwa.

"Kijana, hizo chupa zikiisha mnazitupa?"

* * *

Adhuhuri ilipofika, Dada alitoka chumba cha nyuma ameinua kitu juu kama mshindi wa kombe. Gogo jeusi, limelainika kwa kushikwa, na vidole vyake na kinundu chake.

Sitaki kusema nilitaka kulia. Ilikuwa ile dawa, bado ilikuwa machoni.

"Ulikuwa chini ya kitanda, umefungwa kwa kanga," alisema Dada. "Nauweka kwenye gunia na blanketi zake nzuri na birika lake, vyote pamoja. Mpigie simu fundi aje jioni."

Nikampigia fundi. Kisha nikampigia Shangazi.

"Umeonekana."

Nikasikia mtu anapenga makamasi.

"Mungu akulinde, mwanangu. Uwekeni vizuri."

"Umewekwa vizuri kuliko sisi sote."

Nilimwona Dada kwa macho yangu akilifunga gunia, akichovya brashi, akilipiga T kubwa nyekundu. Alilipiga vizuri. Nilifurahi hata kuona kwamba kisigino amekiiga.

Kama una akili, msomaji wangu, wewe umeshashtuka. Mimi sikushtuka. Mimi nilikuwa natazama kisigino.

Lori la taka likaja. Dereva wake ni mtu wa maneno machache. Wenyewe wanamwita Bubu. Dada alikuwa ndani anapiga deki.

"Yapi?" aliuliza Bubu.

"Yenye T. Yote. Yasiyo na T usiguse."

Nilisaidia kupakia. Nilipakia kwa nguvu, kwa wimbo, kwa mikono yangu hii miwili. Gunia moja lilikuwa zito upande mmoja, likanigonga gotini kama linataka kunikumbusha jambo. Nikalitukana, nikalirusha juu.

Lori likaondoka. Nikajifuta jasho. Barazani yakabaki magunia machache yasiyo na alama, yamekaa kwa utulivu kama wageni waheshimiwa.

* * *

Nesi alikuja na kiti cha magurudumu kitupu. Alikisukuma toka mlangoni, sebuleni, kwenye korido, mpaka chooni. Hakikugusa ukuta. Akakigeuza, akarudi nacho. Akanusa hewa.

"Humu mtu alichanganya dawa?"

"Jirani," nilisema.

"Haya. Nyumba imepita. Nitawapigia wodini sasa hivi." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hongereni. Wengi hufungua njia tu kama ya mbuzi. Na kiatu chake? Bandeji inatoka wakati wowote. Asiposimama mapema, mguu utasahau kazi."

"Kiatu tumeshaandaa," alisema Dada, anang'aa. "Kuna gogo maalumu, fundi anakuja kulichukua. Ngoja nikuonyeshe, utashangaa."

Akatoka barazani. Nikamsikia akifungua gunia. Kisha la pili. Kisha la tatu, kwa haraka.

"Mdogo wangu."

Dada yangu akiniita "bwana mdogo" hakuna tatizo. Akiniita "mdogo wangu", kimbia.

"Naam."

"Mbona haya yana makopo?"

Nikatoka. Alikuwa amepiga magoti katikati ya makopo, matambara yenye ukungu na mifupa ya kuku.

"Hayo si ndiyo umeyaacha?" nilisema. "Nilishangaa kidogo, lakini nikasema wanawake mnajua wenyewe."

"Magunia yangu ya T yako wapi?"

"Yameondoka."

"Yameondoka kwenda wapi?"

"Yanakokwenda magunia ya T! Dada, T si Tupa?"

Dada akalitua chini kopo alilokuwa amelishika.

"T," alisema Dada polepole, kama anamfundisha mtoto, "ni Tunza."

"Tupa!"

"Tunza! Stoo nzima, miaka yote, T ni Tunza! Kinachostahili, ulisema! Gunia linalostahili!"

"Linalostahili kutupwa!"

"Nani anaweka alama kwenye takataka? Takataka si inajulikana kwa sura?"

"Samahani," alisema Baba Mkubwa kutoka kivulini, ameinua kidole. "Mimi nilidhani ni Taka."

Nesi alishika kiti chake cha magurudumu akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu.

Nilimpigia Bubu. Niliweka sauti kubwa wote wasikie.

"Ndugu yangu, yale magunia ya T uko nayo?"

"Sina."

"Umeyapeleka wapi? Jalalani?"

"Tanurini. Kwa wafyatua matofali."

"Kwa nini tanurini?"

Bubu akashusha pumzi, mtu anayelazimishwa kutumia maneno ya wiki nzima kwa mara moja.

"Si mliandika wenyewe. T. Teketeza."

* * *

Dada alinyanyua mkono nikadhani ananipiga. Akauweka kichwani kwake.

"Sikiliza. Mimi nakwenda hospitali kukaa na Shangazi, asisikie hili kwa mtu mwingine. Wewe nenda tanurini. Usirudi bila huo mguu. Kama umeungua, ingia na wewe."

"Baba Mkubwa, tukodi pikipiki twende wote," nilisema nikigeuka.

Kiti kilikuwa kitupu. Baiskeli haikuwapo.

Sikuwa na muda wa kushangaa. Nilizunguka nusu saa mpaka nikapata pikipiki ya kukodi, nikamwambia kijana wake aende kama anafukuzwa. Alikwenda kama anabembeleza yai. Moshi wa tanuri niliuona kutoka mbali, na kila ulipozidi kuwa mweusi nilisema lile ni blanketi, lile ni birika, lile sitaki kujua.

Nilifika nikiruka kabla pikipiki haijasimama. Mzee wa tanuri alikuwa amesimama na koleo refu, anakula moshi.

"Shikamoo mzee! Magunia ya T!"

"Marahaba. Yamebaki mawili. Mengine yameshakuwa matofali."

Nikayachana yale mawili kwa meno. La kwanza, magazeti. La pili, birika la Shangazi, blanketi za Shangazi. Nikalikung'uta. Nikaingiza kichwa ndani. Hakuna mguu.

"Palikuwa na gogo humu. Gogo lenye umbo la mguu."

"Aa, lile." Mzee alicheka. "Tulilitia motoni. Zuri sana, kavu."

Nikakaa kwenye matofali mabichi. Nikaharibu matano.

"Lakini likatolewa," aliendelea mzee, hana haraka yoyote. "Alikuja mzee mmoja wa koti, na baiskeli. Akaona kidole kinachungulia mdomoni mwa tanuri. Akatia mkono! Mkono mtupu! Nikamwambia mzee mwenzangu utaungua, akasema ni mguu wa dada yangu. Nikamwona hana akili timamu. Akauzima kwa koti, akaondoka nao."

Baba Mkubwa!

Nikaelewa yote mara moja, kama ninavyoelewa mambo siku zote. Ameuchukua ili asiutoe. Bila mguu hakuna kiatu, bila kiatu Shangazi hasimami, asiposimama anakwenda kwenye chumba cha Mwenyekiti. Mzee amecheza. Tangu asubuhi amekaa kivulini kama mwewe!

Nikapanda pikipiki. Njiani nilitunga beti za kumsomea, za kumchuna ngozi, na nakuapia zilikuwa nzuri.

* * *

Nyumbani kwa Baba Mkubwa sikumbuki mtu wa ukoo aliyewahi kuingia. Vikao vyote hufanyikia kwa wengine. Ukimtembelea anatoka nje, anafunga mlango nyuma yake, mnaongea mmesimama. Tulidhani ni ukubwa.

Nilipiga mlango kwa ngumi.

"Baba Mkubwa! Fungua! Nimetoka tanurini!"

Mlango ukafunguka upana wa pua. Pua yake ikatokeza.

"Kijana, rudi baadaye. Nimepumzika."

"Nipe mguu wa Shangazi."

"Upo. Upo salama. Nitauleta."

"Nitauchukua mwenyewe."

Nikasukuma. Mlango ukaenda kidogo, ukagota. Nikasukuma kwa bega, kwa hasira yangu yote na ujana wangu wote, nikaingiza kichwa.

Beti zote zikanitoka.

Korido haikuwapo. Palikuwa na ukuta wa maboksi mpaka darini, na katikati yake ufa ambao Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa amesimama kiubavu ndani yake. Viti vya Shangazi visivyo na miguu vilikuwa hapo. Miavuli ya Shangazi ilikuwa hapo. Mlango wa friji ulioniangukia asubuhi ulikuwa hapo, umelala juu ya mlango mwingine wa friji. Na nyuma ya hayo yalikuwapo mengine, ya zamani zaidi, yamekaa kwa tabaka. Nyumba ya Shangazi ilikuwa stoo. Hii ilikuwa ghala kuu.

"Baba Mkubwa," nilisema.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa leso. Leso ilikuwa na majimaji.

"Nilikuwa nataka kumpelekea mwenyewe," alisema. "Nilifika, nikauweka chini nitafute mafuta ya kupaka mkono. Niliuweka hapo tu."

"Hapo wapi?"

"Hapo." Aligeuza shingo ndani ya ufa, akaangalia nyuma yake, kama mtu anayeangalia bahari. "Maboksi yakashuka kidogo. Tangu hapo siuoni."

"Na chumba? Chumba cha Shangazi ulichokisifia kila kikao?"

"Kipo."

"Kiko wapi?"

Akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa maboksi. "Nyuma ya hayo. Kina dirisha zuri. Nilisema akija tutakifungua pamoja. Yeye asingenicheka. Katika ukoo huu ni nani mwingine asiyenicheka?"

"Wewe ndiye uliyemcheka yeye! Kila mwaka! Mbele ya watu!"

"Najua."

Alisema hivyo tu, bila sauti ya kikao. Sijawahi kumsikia akiongea bila sauti ya kikao. Koti lake lilikuwa limeungua upande mmoja, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni koti lile lile moja.

"Usimwambie, mwanangu," alisema. "Mwambie nimeiba. Mwambie mimi ni mchawi, ukitaka. Lakini usimwambie nyumba yangu iko hivi."

Nilikuwa nakuja kumchuna ngozi mzee huyu. Sasa nilisimama pale na hasira yangu yote mkononi, sina pa kuiweka. Pa kuweka kitu hapakuwapo, hata pa kuweka hasira.

Simu ikalia. Dada.

Haikuwa sauti ya Dada.

"Mwanangu! Nimetoka!"

"Umetoka wapi, Shangazi?"

"Hospitali! Nesi amepiga simu, kaniambia nyumba yangu inang'aa. Na kitanda changu wanakitaka, wagonjwa ni wengi. Bandeji wametoa. Niko kwenye teksi na dada yako, amekaa kama aliyefiwa, sijui ana nini. Mguu wangu uko wapi?"

Kwa siku nzima nilikuwa nimesema uongo wa kila rangi. Nikajiona nastahili kusema kweli walau mara moja.

"Uko kwa Baba Mkubwa, Shangazi. Hakuna wasiwasi."

Nilisikia Dada akiguna kwa nyuma.

"Kwa kaka? Kaka ameutunza mguu wangu?" Sauti yake ikalegea. "Kumbe ana moyo yule mtu. Basi vizuri. Nilikuwa natafuta namna ya kumkatalia kile chumba bila kumuumiza. Dada yako atanisukuma kwa kiti cha magurudumu, nikione chumba, nikisifie, nichukue mguu wangu, nikakae kwangu. Dereva! Kata kona hapo! Tuko karibu kabisa, mwanangu, naliona paa lake."

Ikakatika.

Baba Mkubwa alikuwa amesikia kila neno. Alijaribu kurudi ndani ya ufa, akakwama. Alijaribu kutoka nje, akakwama. Akabaki hapo, bega moja ndani, bega moja nje, ananitazama. Nyuma yangu, mwanzo wa barabara, gari lilipunguza mwendo.

Ningekuwa mtu mwenye busara, ningenyamaza. Lakini mnanijua. Nilivua saa nikaitia mfukoni, nikakunja mikono ya shati, nikamshika mzee kwa ule mkono wake mzima.

"Baba Mkubwa," nilisema, "mguu utatoka humu, na yeye hataingia humu. Nakuahidi."